Fundi wa ukungu akifunga plastiki mlangoni, msimcheke

Mhariri,

Assalamu aleikum. Masika ndio hiyo imepita na hapa Lamu kila baraza utakayokaa maneno ni yale yale, ukungu ukutani, ukungu kabatini, na lawama kwa hawa vijana mafundi wanaokuja na maplastiki na mashine zao, ati wanakula pesa za watu bure, kwani si unapangusa na Jik alafu unapiga rangi basi? Mimi ni fundi wa nyumba miaka mingi na hao wa mashine nimefanya nao kazi, sasa naona watu wengine wanalipa na wengine wanakataa kulipa, na wote hawajui kile kitu ni cha nini.

Tuanze na hiyo Jik. Kwenye vigae vya choo inafanya kazi, sina neno. Lakini kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya, kwa hivyo ile dawa inabaki juu juu inafuta weusi na maji yake ndio yanazama ndani, na maji ndio kitu ukungu unachotaka. Wiki mbili tatu unarudi pale pale. Tena hata ukungu uliokufa bado unapigisha watu chafya na kuamsha pumu, ndio maana fundi anayejua kazi anakwangua na kuutoa, hapulizi dawa akaondoka. Na jamani msichanganye Jik na siki ili iwe kali zaidi, inatoa gesi ya sumu, wallahi si mchezo.

Haya, plastiki mlangoni. Kuna nyumba Mkomani mama alivuta kabati lililokuwa limegandana na ukuta, nyuma yake limeota manyoya ya kijani na kijivu, kanzu za Maulidi zote zinanuka, binti wake akachukua ufagio mkavu akaanza kufagia, na kwa lile jua la dirishani ukaliona vumbi linapanda mpaka kwenye boriti. Lile si vumbi tu, ni mbegu za ukungu, na likitua chumba cha pili penye unyevu linaota na huko. Kwa hivyo fundi anaziba mlango kwa plastiki na teipu, anaweka feni dirishani ya kutoa hewa nje, ili hewa ya nyumba iwe inaingia kile chumba na ya chumba isitoke kuja kwenu. Kujua kama amefanya sawa angalia plastiki yenyewe, inatakiwa ivutwe kuelekea ndani ya chumba kama tanga lililoshika upepo. Ikiwa imefurika kuja upande wako mwambie asimame kwanza. Na ile mashine yake ya kufyonza yenye filta ya HEPA si mbwembwe, hiyo filta inashika asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, ya kawaida inavuta huku inatema huku.

Godoro na jipsam vikishaota ndani havisafishiki, vinatupwa, inauma lakini ndio hivo. Kabati la mbao ngumu mara nyingi linaokoka. Na doa dogo usimwite mtu, hata EPA, shirika la mazingira la Marekani, linasema lisilozidi futi 10 za mraba, yaani kama futi 3 kwa 3, mwenye nyumba aweza kulisafisha mwenyewe, ila vaa maski na glovu na utumie kitambaa kibichi.

Sasa na mafundi nao niwaseme. Njia hizi nyingi zimetokea nchi za nyumba za mbao na jipsam, madirisha yamefungwa, na wenzetu wanazichukua nzima nzima. Kuna mmoja alileta mashine ya kukausha hewa akaiwasha kwenye nyumba yenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani, wazi juu, na kusi linavuma! Hapo unakausha bahari nzima kwa stima ya mwenye nyumba. Ile mashine inataka chumba kilichofungwa, na mwenye nyumba angalijua hilo angaliizima siku ile ile.

Lakini kubwa ni maji yanatoka wapi. Tangi linalovuja darini, paipu ndani ya ukuta, au hii balaa ya kupiga plasta ya simiti na rangi ya plastiki juu ya ukuta wa matumbawe. Unyevu unapanda kutoka chini, ukifika pale hauna pa kutokea. Chokaa inauachia unatoka, na isitoshe ukali wa chokaa mpya ukungu hauupendi. Watu wanadhani kutengeneza kwa chokaa ni urembo wa watalii na UNESCO iliyotuandika kwenye urithi wa dunia 2001, kumbe wazee walikuwa wanauacha ukuta upumue. Fundi anayeanza kukwangua bila kuuliza habari ya maji, mrudishe.

Na ule unga mweupe unaochipuka chini ya ukuta si ukungu, ni chumvi, weka tone la maji kwa kidole utauona unayeyuka. Nimeshaona mtu akipigiwa hesabu ya ukungu kwa unga ule ule.

Fundi wa nyumba,
Langoni, Lamu