Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Kaunti ya Kilifi: vijia vyetu viandikishwe kabla havijazibwa vyote

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu. Nakuandikia kutoka Malindi, nami ni mwongoza watalii ambaye kazi yangu yote ni ya miguu. Nina ombi moja. Vijia ambavyo watu wa Sabaki, Kakuyuni, Jilore, Gede na Mida wamepita tangu enzi za mababu, kwenda shambani, kisimani, sokoni na matangani, vipimwe, vichorwe kwenye ramani na viandikishwe kuwa njia za umma. Kisha viunganishwe viwe njia moja ndefu ya matembezi: ianzie pale mto Sabaki unapoingia baharini, ifuate mto hadi Ziwa Jilore, ikate msitu wa Arabuko-Sokoke, itokee Gede na kuishia kwenye mikoko ya hori (mkono wa bahari) ya Mida.

Naomba lifanywe sasa, kwa sababu vijia hivyo vinazibwa kimoja baada ya kingine. Kiwanja kinauzwa, mnunuzi anatia vigingi, baada ya muda anazungusha waya, na mwisho anapandisha ukuta. Karibu na ninapoishi, kijia cha kwenda ufuoni kilikatwa hivyo hivyo. Ukifika pale leo utaona mchanga uliokanyagwa na vizazi vya watu umekwenda moja kwa moja mpaka kwenye mawe ya ukuta, ukakomea hapo. Zunguka upande wa pili, utaukuta unaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Watoto wa shule sasa wanapitia barabara kuu, wakipishana na matatu na malori. Wazee walipolalamika waliulizwa karatasi iko wapi. Hawakuwa na karatasi, walikuwa na nyayo tu. Simlaumu sana mwenye kiwanja, maana ramani aliyonunulia haikuonyesha njia yoyote, na mtu hawezi kuheshimu kitu ambacho serikali yenyewe haijakiandika.

Sheria ya kukiandika ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu haki za umma za kupita, na inairuhusu serikali ya kaunti, chama au hata kikundi cha watu kuomba njia ya pamoja kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Sisi wanavijiji tunaweza kuomba, ila gharama ya wapimaji na mawakili inatushinda. Kaunti ina wapimaji wake. Na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeukabidhi utalii wa mashinani na barabara za kaunti mikononi mwenu, si mwa Nairobi. Najua msitu uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na magofu ya Gede yako chini ya Makavazi ya Kitaifa. Lakini ili ufike kwenye malango hayo kwa miguu lazima upite kwenye ardhi ya vijiji, na huko ndiko njia zinakofia.

Kuna wanaosema kutembea kwa raha ni mambo ya bara, huko kwenye Mlima Kenya na Longonot. Kweli, sisi hatuna mlima. Lakini inaniuma kuona vijana wa Malindi wakichanga pesa za basi usiku kucha ili wakapande Longonot, mita 2,776, wapige picha na kurudi, na wengi wao hawajawahi kutia mguu Arabuko-Sokoke, msitu wanaoupita kila wanapokwenda Mombasa. Wataingiaje? Hakuna kibao cha kuwaambia njia inaanzia wapi, inakwenda umbali gani, na nani wa kumuuliza.

Niruhusu nikupitishe kwenye njia yenyewe. Pale Sabaki, kaskazini mwa mji, mto huu unaotoka mbali bara kwa jina la Athi, kisha Galana, unamwaga maji mekundu baharini. Kuna viboko, na kwenye fungu la matope kuna ndege wa pwani kwa maelfu msimu wa kaskazi. Kutoka hapo kwenda juu ni mashamba na mabonde ya mto, mwendo wa jua kali, na sitajifanya kwamba kipande hicho ni kizuri chote. Mtu atahitaji kivuli na maji njiani. Halafu unafika Jilore. Ziwa hili hulishwa na Sabaki unapofurika, kwa hiyo mwaka wa mvua utalikuta limejaa, na mwaka wa kiangazi linanywea. Ukisimama kwenye kilima upande wa msitu, ziwa liko chini yako na kijani cha miti kiko mgongoni. Sijui mahali pengine katika pwani hii ambapo ziwa na msitu vimekaribiana namna hiyo.

Sasa msitu. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita mraba 420, na ndio msitu mkavu mkubwa zaidi wa pwani uliosalia Afrika Mashariki. Mtu akiukata kutoka Jilore hadi Gede anapita katika misitu mitatu tofauti, na atajua kwa nyayo zake kabla macho hayajamwambia. Anaanza kwenye ardhi nyekundu, ambako vichaka vimebanana kiasi kwamba mkono ukinyooshwa hauonekani vizuri. Humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, anayetoshea kiganjani, wengine wa kijivu na wengine wekundu kama majani makavu wanamojificha. Kisha udongo unageuka kuwa mchanga mweupe, miti ya mrihi inaachana, jua linaingia, na ukikaa kimya utasikia kundi la ndege wadogo likipita juu ya vilele. Ndani ya kundi hilo huenda yumo mnana wa Kilifi. Ndege huyu, Mheshimiwa, hayuko popote duniani ila ndani ya kaunti yako, hapa na kule kwenye msitu wa Dakatcha. Mwisho, ukikaribia Gede, unaingia msitu wa miti mchanganyiko, wenye giza na majani mengi chini, na hapo ndipo wageni wangu hunishika mkono: kitu kimechakura majani, kimesimama, kina pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama vijiti, kisha kimekurupuka na matako yake ya manjano ya dhahabu yanamulika mpaka yanapotea. Ni sange, mnyama mdogo wa msituni. Nimeona watu wazima wakisahau joto, mbu na njaa kwa ajili ya sekunde hizo.

Kwenye msitu huu kuna ndovu, na kuna nyati. Ndiyo maana kipande hiki kisiachiwe mtu atembee peke yake. Kiwe cha kupita na mwongozaji aliyefunzwa, asubuhi, kwa kuafikiana na askari wa misitu. Mwongozaji huinama akagusa kinyesi cha ndovu kuona kama bado kina joto, akaangalia tawi lililovunjwa kama utomvu umekauka, akaamua twende au turudi. Ujuzi huo uko vijijini tayari. Vijana wa Gede na Jilore wanao, wengi hawana kazi ya kuutumia.

Gede yenyewe haihitaji maneno yangu mengi. Mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, ukafukuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wageni wanaletwa kwa magari ya hoteli, wanazunguka msikiti na jumba la mfalme saa moja, wanarudishwa kwa magari yale yale. Dukani hawafiki. Mtu anayefika kwa miguu ana njaa, ana kiu, amechoka. Atakula mahamri na mbaazi, atanunua dafu, atalala. Hesabu ya kijiji inabadilika kabisa mgeni anapotembea.

Na tunajua tayari kwamba msitu uliosimama unaweza kulisha watu. Mradi wa Kipepeo ulioanza hapo Gede mwaka 1993 umewafanya wakulima wa kandokando ya msitu wafuge viwavi na kuuza pupa (viwavi waliokwisha kujifunga ganda wakingoja kuwa vipepeo) ng'ambo, na mtu aliyekuwa akiona msitu kama mkaa na vigogo akaanza kuuona kama mahali pa chakula cha vipepeo wake. Huko Mida, daraja la mbao lililopita juu ya mikoko linatoza kiingilio, na fedha hizo zinachangia karo za watoto wa sekondari wanaotoka vijiji vya pembeni mwa msitu na hori. Njia ninayoiomba ingeunganisha vitu hivi viwili ambavyo sasa kila kimoja kinajitegemea.

Jambo la msimu pia nisiliache. Malindi inaishi kwa kaskazi. Kusi likivuma, bahari inachafuka, hoteli kadhaa zinapunguza watu, na baba wa familia anarudi nyumbani kungoja Desemba. Mvua za masika zikishapita, Julai hadi Septemba ni miezi mizuri mno ya kutembea msituni: hewa ya baridi kidogo, mchanga umeshikana, mbu wamepungua. Wageni wa ndani, hata wa kutoka Nairobi, wangekuja miezi hiyo kama wangekuwa na kitu cha kujia.

Nairobi wenyewe wametuonyesha inavyofanywa. Karura, msitu aliopigania Wangari Maathai mwaka 1999, ulikuwa mahali pa kuogopwa. Leo una zaidi ya kilomita 50 za njia, na kila makutano yana namba yake kwenye kigingi, kiasi kwamba mtoto anaweza kupiga simu nyumbani na kusema niko namba fulani. Namba kwenye vigingi, hilo tu, ni nusu ya usalama wote. Kwetu vibao viandikwe Kiswahili, na majina ya mahali yawe yale yale wanayoyatumia wenyeji.

Ninayoyaogopa ni mawili, na nayasema mapema. La kwanza ni tingatinga. Njia ya miguu haihitaji lami wala kupanuliwa. Ikipanuliwa, kesho bodaboda ya mkaa itapita humo. La pili ni kwamba njia ikishapata jina, atatokea mtu wa kuiwekea lango na kumtoza mama anayekwenda kuteka maji. Andikisho la njia liseme wazi kwamba mwenyeji anapita bure, mchana na usiku, na kwamba ada ya mgeni inagawanywa na vijiji vinavyopitiwa, kupitia vyama vya jamii vinavyotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2016.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Naomba upimaji wa vijia uingie humo, hata kama utaanza na kipande kimoja tu. Kama ni kuchagua, anzeni na Gede hadi Mida, kwa sababu ndiko viwanja vinakouzwa kwa kasi, na kila mwezi unaopita kuna kijia kinachopotea. Tangazeni tarehe ya baraza pale Gede, wazee waje waonyeshe njia kwa miguu yao, mpimaji awafuate na kifaa chake. Sisi waongozaji tutakuja bila malipo kubeba vigingi.

Wako mtiifu,
Mwongoza watalii, Malindi