Itifaki ya biashara ya SADC imfikirie mchuuzi wa Ruvuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu Itifaki ya Biashara ya SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo wakati umefika nchi wanachama zikae tena mezani kuijadili. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo nafuu wanazopata wafanyabiashara wa Namanga na Mutukula hazitufikii sisi wa Mtwara na Lindi. Anayevuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji hutegemea itifaki iliyotiwa saini Maseru mwaka 1996.

Itifaki hiyo imetusaidia, sikatai. Bidhaa nyingi zinazozalishwa katika nchi wanachama hazitozwi ushuru wa forodha, mradi ziambatane na cheti cha uasili, yaani hati ya kuthibitisha nchi zilikozalishwa, na hapo kwenye cheti ndipo penye kikwazo. Mwenye kontena la korosho bandarini ana wakala wa kumshughulikia, lakini mama anayefika kivuko cha Kilambo na viroba viwili vya chumvi na tenga la samaki wakavu hana wakala, wala hawezi kurudi mjini kufuatilia karatasi ambayo gharama yake yaweza kumeza faida yote ya mzigo ule. Ama atalipa ushuru ambao hakustahili kuulipa, ama atapanda mtumbwi mahali pasipo na afisa, ambako akinyang'anywa mali hana pa kushtaki. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto, yalipoanza mwaka 2017, njia za panya zimekuwa hatari kwa maisha yenyewe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Katika mipaka ya Afrika Mashariki jambo hili limekwisha kupatiwa ufumbuzi: bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti chepesi kinachotolewa palepale mpakani. Naiomba Serikali yetu isimamie utaratibu kama huo uingizwe katika itifaki yenyewe, na fomu iandikwe kwa Kireno na Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019.

Wapo wanaohofu kwamba cheti chepesi kitapitisha mchele na sukari kutoka nje ya Afrika. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana orodha ianze na vitu ambavyo afisa wa forodha anavifahamu kwa macho: chumvi, samaki wakavu, mihogo, mahindi.

Kabla ya wajumbe wetu kwenda kwenye majadiliano, Wizara ya Viwanda na Biashara iwatume kwanza Kilambo, kisha Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, wakawasikilize wachuuzi wa pande zote mbili na kuandika nao orodha hiyo.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara