Risala ya Wanafunzi wa Uuguzi Kutoka Nchi Jirani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, Kampala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, masista wa wodi mnaotuvumilia, wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Sisi tunaosoma risala hii tumetoka Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki ya Kongo. Wapo walioingilia mpaka wa Mutukula, wapo wa Busia na wa Mpondwe. Asante kwa kukubali kuwa nasi leo Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Keki ipo, ila tumeambiwa risala kwanza.

Mheshimiwa, darasani hatuna malalamiko makubwa. Anatomia ya Dodoma ndiyo hiyohiyo ya Kampala. Wenzetu wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa wanahangaika na Kiingereza, lakini wanajikongoja na wanafika. Kinachotutoa jasho ni wodi.

Mwanafunzi anatumwa kuchukua historia ya mgonjwa. Anamsalimu bibi kwa heshima kwa Luganda, "Wasuze otya, nnyabo," yaani umeamkaje, mama, bibi anafurahi. Anauliza "Olumwa wa?", unaumwa wapi, kama alivyofundishwa na wenzake bwenini. Hapo bibi anafunguka: maumivu yalianza lini, alikunywa mitishamba gani, mkwe alisema nini, choo kikoje. Kwenye karatasi ya mwanafunzi yanabaki maneno matatu, "maumivu ya tumbo". Mwenzake Mganda angemtafsiria, lakini naye ana vitanda vyake. Mwisho anayetafsiri ni ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, na siri ya bibi imeishia hapo. Msimamizi akipita kutoa alama anamkuta mwanafunzi kimya, anaandika "mawasiliano hafifu".

Tunaulizwa: na Kiswahili je? Ni kweli, marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunafurahi. Lakini wagonjwa wetu wazee hawakupita katika madarasa hayo. Wengi wao Kiswahili walikisikia kwa askari, enzi za Amin, na tukiwasemesha kwa lugha hiyo hututazama mara mbili kabla ya kujibu. Hatuwalaumu. Na ukipelekwa Gulu kwa mafunzo ya vitendo, hata Luganda yako ya kuokoteza haikufai, huko ni Kiacholi.

Ombi letu kubwa basi ni somo la lugha ya wodini katika muhula wa kwanza, kabla hatujamgusa mgonjwa. Hatuombi sarufi. Tufundishwe maswali ya historia, majina ya dalili, na namna ya kumwambia mama asukume sasa au asubiri kwanza. Masista wa zamu wangeweza kulifundisha vizuri kuliko profesa yeyote, na walipwe kwa kazi hiyo.

La pili ni kinga. Chanjo ya homa ya ini B ni sindano tatu, kwa kawaida ndani ya miezi 6, na wapo wanaoingia wodini wakiwa na moja tu kwa sababu wanajilipia. Januari 2025 Ebola ilipotangazwa, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Simu za wazazi hazikukoma. Tunaomba chanjo ikamilike kabla ya wodi, na chuo kiseme wazi nani anagharamia matibabu ya mwanafunzi mgeni akijichoma sindano iliyotumika.

Barua za chuo za kuombea kibali cha mwanafunzi nazo zitoke mapema. Hilo halihitaji maelezo marefu, ni muhuri tu.

Mwisho, Mheshimiwa, ni usajili. Hapa kuna Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na nyumbani kila mmoja wetu ana baraza lake lenye masharti yake. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, la kurahisisha watu kufanya kazi nchi jirani, lilianza kutumika Julai 2010, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki makao yake yako hapahapa Kampala. Tunakuomba utufikishie swali huko: mhitimu wa hapa akirudi Kigoma au Bujumbura, atatakiwa kurudia nini, na kwa nini? Tungependa pia kuelezwa, tukiwa bado mwaka wa kwanza, kama asiye raia atapangiwa hospitali ya mwaka wa mazoezi baada ya shahada, na kama atapata posho.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa uuguzi kutoka nchi jirani