Dada, usiachie uenyekiti kabla daftari halijasomwa

Bremen, Jumapili usiku

Kamwene dada,

Kamwene na mama, kamwene wote hapo nyumbani. Mimi mzima, kazi ya kuhudumia wazee inaendelea vizuri, baridi ndo imeanza kung'ata na saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia.

Ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Pale mwishoni uliposema wanyalukolo, ndugu zetu wa kijijini, wamekuchosha kwa kukusengenya hela, unaachia kikundi cha kutunza mto wabaki na mto wao, nilikaa kitandani bila kuvua hata koti. Nimeona nikuandikie kabisa kuliko kukujibu kwa voisi, maana voisi zinapotea na hili nataka ulisome hata mwezi ujao. Usiachie. Walau usiachie saivi, mvua ndo inaanza na miche imeshatoka kwenye viriba.

Ngoja nikueleze kitu nilichokiona huku, mimi mwenyewe kimenifundisha. Unajua nina kile kibustani cha kukodi, wenyeji wa Bremen wanaita Parzelle. Sio shamba la kusema shamba, sheria yao ya 1983 inasema kiwanja kisizidi mita za mraba 400 na kibanda kisizidi 24, na huruhusiwi kukifanya nyumba ya kuishi. Halafu angalau theluthi moja ya kiwanja iwe mboga na matunda, usije ukapanda majani ya kukatia tu ukaweka kiti ukalala. Leo nimetoka huko, sukuma wiki yao yenye majani yaliyojikunja imepigwa na barafu usiku, na wenyewe wanaisubiria hiyo hiyo barafu ndo wavune, wanasema inakuwa tamu, na kweli ni tamu. Ila wanaichemsha mpaka inakuwa uji, mama asingekubali, mboga kwake lazima ibaki kijani. Na majani ya maboga walikuwa wanayatupa kwenye mboji! Jirani yangu nilimwomba nikayapika na karanga nikampelekea bakuli, mwaka huu ananichumia mwenyewe.

Sasa hivi vibustani vyote viko chini ya chama. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kuna masaa ya kazi za pamoja kila mwaka, kufyeka njia, kuziba bomba, asiyekuja analipa. Ni mgowe ule ule wa kwetu dada, kazi ya kusaidiana, ila huku hamna pombe ya ulanzi. Na kabla ya mkutano mkuu wanachaguliwa wanachama wawili wa kawaida ambao hawapo kwenye kamati, wanakabidhiwa daftari la hela na risiti zote, wanakaa nazo wanapitia moja moja. Mwaka huu nikachaguliwa mimi na mama mmoja muuza maua. Niliogopa sana. Mimi mgeni, lugha yenyewe naikamata kwa shida, leo ndo nimkague mzee wa miaka sabini na kitu ambaye ameshika hazina kabla mimi sijajua hata Ulaya iko upande gani?

Tukakuta euro 38 za udongo hazina risiti. Yule mama akaniangalia, nikajua ananiachia mimi niseme. Nikasema kwa sauti ndogo, mzee hii ya mwezi wa nne hatuioni. Unajua alifanyaje? Alisema asanteni, akavaa miwani, akaenda kibandani akapekua, akaikuta kwenye sanduku la misumari, akaileta imekunjwa kunjwa. Hakukasirika wala hakuuliza unaniona mwizi. Kwenye mkutano tukasimama tukasema tumepitia, risiti zote zipo, ndo wanachama wakanyoosha mikono kwamba kamati tumeipokea hesabu yenu, ya mwaka huo hatuwadai. Ile mikono ikishanyooshwa na kuandikwa kwenye muhtasari, maneno ya chini chini hayana pa kushika tena. Yule mzee alitoka pale amenyooka kama kijana.

Ndo nikakukumbuka wewe na ile laki tatu na arobaini ya kikundi wanayosema umekula. Mimi ninajua hukula hata mia, nakujua tangu tunachota maji wote. Najua ilienda kwenye viriba, mbegu na kirikuu cha kubebea miche. Lakini wao watajuaje, dada? Daftari liko kabatini kwako, risiti ziko kwenye mkoba wako, mweka hazina ni shoga yako wa kanisani. Ukiniambia wanakusengenya naumia, ila nikijiweka upande wao naona hawajawahi kuonyeshwa kitu. Itisha mkutano chini ya mti pale pale, sio nyumbani kwako, waambie wachague wawili wa kukagua, na mmoja awe yule yule shangazi anayeongea kuliko wote. Yes yule. Mpe daftari alale nalo. Akikuta kosa la kujumlisha mshukuru mbele ya watu. Na hata ile asilimia 4 ya wanawake kwenye mikopo ya halmashauri mnayoitaka, hamtaipata kwa mdomo, wataomba katiba na mihtasari, sasa mihtasari yenu ilishaishia kwenye grupu la WhatsApp katikati ya matangazo ya misiba.

La pili hili utanuna lakini nalisema. Kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni kando ya mto, umekuwa mkali mno. Kutolima ndani ya mita 60 kutoka mtoni ni sheria, iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hilo halina ubishi, na ile milingoti, hiyo mikaratusi, pale juu ya chanzo inakunywa maji mpaka tope limebaki, naunga mkono itoke yote muweke mivengi, miti yetu ya asili ya kutunza maji. Lakini dada, ada zetu zimetoka wapi? Si kinyungu cha mama pale bondeni, mahindi mabichi ya kuuza Krismasi wakati wa mlimani ndo kwanza wanapanda? Bibi mwenye matuta matano pale mtoni humwambii toka kesho ukamwachia mikono mitupu. Halafu milingoti yenyewe ni ya mtu mwenye uwezo na haijaguswa, wakati mafiga ya wajane yameshaanza kutikisika. Watu wanaona hilo hata kama hawalisemi. Mngeanza na milingoti. Wa vinyungu mkae nao mpime kwa kamba wote pamoja, kila mtu aone mita 60 inaishia wapi, mtu arudi nyuma msimu mmoja mmoja, kikundi kinunue pampu ya kukanyaga moja ya kupokezana wamwagilie huko juu, na pale kwenye miti muweke mizinga ya nyuki iwe yao, asali iwe yao. Mtu akiwa na mzinga pale mwenyewe atafukuza ng'ombe wasile miche, hutahitaji mlinzi.

Maana huo mto sio wetu peke yetu. Maji yetu yanaangukia Ruaha Mdogo, yanapita Iringa mjini, yanapita Kalenga, yanakutana na Ruaha Mkuu yanaenda bwawa la Mtera kuwasha taa za watu ambao hata jina la kijiji chetu hawajui.

Nimetaja Kalenga nikakumbuka. Kijana mmoja wa huku bustanini aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Iringa, kwa Mkwawa, mtemi wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ngome yake ilikuwa Kalenga. Akanyamaza, halafu akanipeleka karibu na stesheni kuu kuna tembo wa matofali mekundu, urefu kama mita 10, alijengwa enzi zile kusifia makoloni, baadae wenyewe wakambadilisha awe kumbukumbu ya kupinga ukoloni. Tukaongea sana pale. Fuvu la mzee wetu Mkwawa lilikuwa kwenye makumbusho ya mji huu huu, dada, mji ninaopanda mabasi yake kila siku. Amekufa 1898, na kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kifungu cha 246 kiliandikwa Wajerumani walirudishe ndani ya miezi 6. Limefika Kalenga 1954. Miaka 35! Nilisimama pale nikawa nafikiria, kwenye ule mkataba wenye mambo ya dunia nzima fuvu letu lilikuwa na mstari wake, na kwa sababu uliandikwa hamna aliyeweza kusema halikuwahi kuahidiwa. Kama yangekuwa maneno ya mdomo nani angeulizia baada ya vita mbili?

Kwa hiyo andika. Andikeni nani kapanda mivengi mingapi, upande gani, ngapi zimeshika na ngapi zimekufa. Na ile siku ya utamaduni mliyopanga kuwapeleka watoto Kalenga naomba isife, hata kama bajeti ni ya maandazi na chai tu, wabebe na miche mkirudi wapande, bibi awaimbie zile za kulimia.

Jumamosi nitakupigia saa tatu usiku ya huko, huku itakuwa saa moja, sasa hivi tumepishana masaa mawili. Uwe umeshaongea na shangazi. Nitatuma laki moja ya pampu, ila naomba nipewe risiti ya kikundi yenye namba, na jina langu lisomwe na hao wakaguzi kama la mtu mwingine yeyote.

Mwambie mama mbegu za figiri aziweke kwenye ile chupa ya soda asifunge sana, na mkono wake aupake mafuta asubuhi na jioni sio usiku tu.

Mdogo wako