Hewa ukaa si mbolea ya bure

Ndugu Mhariri,

Wanaoisifu hewa ukaa (kaboni dioksidi) kuwa inanenepesha mimea wanawasahau wadudu. Hewa hiyo imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420. Ikizidi, jani la soya hujaa sukari na wanga, naitrojeni ikapungua. Kiwavi hutafuna zaidi ili apate protini ileile. Illinois, Marekani, soya iliyopewa hewa ukaa ya sehemu 550 kwa milioni shambani ililiwa zaidi na mbawakawa wa Kijapani, kwani kinga ya jani ilidhoofika. Mahindi huathirika kidogo na hewa hiyo.

Basi mkaguzi wa shamba la soya, anapopima majani yaliyoliwa, asichume ya juu wala ya ukingoni pekee, ambako mbawakawa hujazana. Ataona hasara kubwa kuliko ilivyo, apulize dawa bure. Achanganye ya juu, kati na chini.