Akinyi mwanangu, mwambie fundi ulichoharibu

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Akinyi,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama yako ndiyo kwanza amerudi kutoka kanisani na bado analilalamikia jua. Rasimu ya barua yako kwa yule fundi wa Uingereza anayepiga picha za kolodioni, zile za kwenye kioo kilichomiminiwa dawa na kupigwa kikiwa bado kibichi, nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani.

Shangazi yako anauliza kama Nakuru kumekosa kazi hadi ukaombe uanagenzi wa kitu kilichozikwa kabla reli haijafika Kisumu. Hesabu yake si mbaya. Frederick Scott Archer alitangaza picha za kolodioni 1851, reli ikafika hapa 1901, na kufikia wakati huo mafundi wengi walikuwa wameshahamia vioo vikavu, vilivyopakwa dawa mapema. Sikumwambia kwamba Archer hakuuwekea uvumbuzi wake hati ya umiliki na akafa maskini 1857. Angeniuliza mtoto anafuata nini huko.

Mimi sikukatazi. Shida yangu ni barua. Ina kurasa mbili, na kila aya ni wewe: unapenda sanaa tangu utotoni, una jicho, simu imejaa picha. Fundi akimaliza kusoma hajui kama unaweza kusafisha kioo. Na kazi yenyewe ni hiyo. Kioo kikibaki na mafuta ya kidole, kolodioni inabanduka au alama ya kidole inatokea usoni mwa mteja. Mwambie uko tayari kusugua vioo ishirini kabla ya chai, kuchuja beseni la dawa ya fedha na kubeba maji.

Kisha mwambie ulichoharibu. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize.

Wiki yangu ya tatu kazini, mwaka 1988, kwenye studio moja hapa mjini, nilikabidhiwa filamu ya harusi ya Ahero, picha 36. Chumba cha giza kilikuwa na matangi mawili: la kwanza devilopa, dawa ya kuitoa picha, la pili haipo, dawa ya kuiimarisha. (Wazungu huandika hypo, sisi tulitamka haipo, na mteja akiulizia picha yake tulimjibu iko kwenye haipo.) Asubuhi hiyo nilikuwa nimeyasogeza matangi ili nifagie, nikayarudisha kinyume. Filamu ikaingia kwenye haipo kwanza. Nilipowasha taa nilikuwa nimeshika ukanda mweupe unaoonyesha upande wa pili kama mfuko wa mkate. Hakuna bibi harusi, hakuna keki, hakuna mtu. Picha hazipo. Wenzangu waliurudia utani huo hadi Krismasi.

Mwenye studio hakunipiga. Alinipa nauli ya kwenda Ahero tu, nikawaambie wenyewe. Mama wa bibi harusi alinisikiliza hadi mwisho, akaninywesha uji, kisha akaniuliza kama ninaweza pia kuirudisha keki. Niliporudi nilifunga uzi wa katani kwenye mpini wa tangi la haipo ili kidole kilijue gizani. Uzi huo ulikaa pale miaka kumi na moja. Mzee alikuja kuniambia kwamba ni kwa ajili ya uzi ule alinibakiza.

Kwenye kolodioni jambo hili ni zito kuliko kwetu. Una kama dakika kumi kabla kioo hakijakauka, na kwa joto letu ni pungufu ya hapo: umimine kolodioni kwenye kioo, ukitumbukize kwenye fedha, uende kwenye kamera, upige, urudi gizani uoshe. Mwanagenzi akidondosha devilopa ndani ya beseni la fedha akanyamaza, vioo vinavyofuata vitatoka na ukungu, na fundi atahangaika siku nzima akilaumu kolodioni yake. Mtu kama huyo hamtaki ndani ya chumba chake hata awe na jicho la tai.

Na unacho cha kumwambia. Desemba tulipofanya zile picha za buluu, zile alizobuni John Herschel 1842, ulileta kichwa cha mafunjo kutoka Dunga, ukakilaza juu ya karatasi ya kimanjano, ukafunika kwa kioo. Karatasi ilianza kugeuka kijivu juani. Ukanyanyua kioo kuchungulia, mafunjo yakasogea. Ulipoisuuza kwenye beseni la mama yako, maji yakawa manjano, buluu ikapanda, na kila unyuzi wa mafunjo ulikuwa na pacha wake kando. Ya pili uliibana kioo kwa vibanio vya nguo ukakaa mbali nayo. Hayo yote hayamo kwenye barua! Yaandike, na utume picha zote mbili, mbovu iwe juu.

Usiombe miaka miwili. Omba wiki moja ya kuosha vioo. Mwambie utalipia vioo na dawa zako, kwa sababu nitrati ya fedha ni fedha kwa maana zote mbili. Muulize pia anaimarisha picha kwa haipo au kwa sianidi, ile sumu. Kama ni sianidi, muulize anaitenganishaje na asidi, na jibu lake nisomee kwenye simu. Nitrati ikiruka machoni inapofusha, kwa hivyo miwani ya kazi utanunua kabla ya tiketi. Etha, ile iliyomo kwenye kolodioni, usijaribu kuiweka kwenye chumba chako cha mabati: inachemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mvuke wake unatambaa chini hadi ukute jiko la jirani.

Mama yako anauliza jambo moja tu: utampiga picha? Mwambie mapema kwamba kolodioni haioni wekundu. Kile kitenge chake cha Pasaka kitatoka cheusi tititi, na atasema umemvisha matanga.

Trei zangu tatu na balbu nyekundu nitazituma kwa basi la saa nne kesho. Ile yenye ufa kwenye kona usiitilie dawa, ni ya maji tu.

Baba yako