Barua kwa mwanangu: sapu ya takwimu

Korogwe, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Dada yako kanisomea ujumbe wako, kwamba umepata sapu ya takwimu, mtihani wa kurudia. Tangu juzi silali vizuri. Si kwa ajili ya sapu, hata mabingwa wamewahi kuzifanya. Kilichoniuma ni pale uliposema, "Mama, takwimu si udaktari, nitakariri nipite."

Ndivyo ulivyoipita BAM, zile hesabu za kidato cha tano na sita. Nami ulipochukua PCB, fizikia, kemia na baiolojia, nilikwambia hesabu sasa basi, umezikimbia. Maneno mengine mtu huyasema tu.

Leo nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo, nikakuwaza. Chukua watu 1,000, mgonjwa awe mmoja. Kipimo hakimkosi, ila katika kila wazima 100 kinawasingizia 5. Ukiwapima wote, karibu 50 watatoka wanalia na ugonjwa hawana. Aliyekariri atasema kipimo kimesema, basi. Kama tulivyosema sisi kliniki nilikofanya kazi.

Ile 0.05, mpaka mnaoutumia kwenye takwimu kuamua kama matokeo yana uzito, unaitaja kama namba ya simu yangu. Pasaka nilipokuuliza maana yake, ukaenda kuinjika chai.

Najua mnataka kugusa wagonjwa, si kukokotoa. Sisi kliniki ya watoto tuligusa sana. Siku za foleni rejesta tuliijaza jioni, kwa kukumbuka. Kilo 8, 8.5, 9. Hakuna mtoto hata mmoja wa 8.3. Mkaguzi akapitisha kidole kwenye safu ile, juu mpaka chini, asiseme neno. Kidole kile nakiona mpaka leo. Na mtoto aliyekuwa anapungua kidogo kidogo, nani angemwona?

Usikariri, mwanangu. Mtafute anayeelewa akueleweshe, hata akiwa wa mwaka wa chini yako. Aibu haiui.

Hapa mtaani wameshakuita daktari. Mama wa dukani kaniuliza dawa ya presha ya mumewe, nikamwambia aende hospitali, wewe bado unasoma. Nilijisikia raha, sikufichi. Baba yako goti linamsumbua, hataki kupimwa, eti anakungoja wewe.

Nimetuma 30,000. Nunua kikokotoo, usisuke nywele kwanza. Unga na dagaa nimempa konda wa basi la asubuhi, uwahi stendi. Usikariri, nimeshasema. Kopo la siagi ya karanga ulirudishe, ni la jirani.

Mama yako